Uso wa Msichana wa Bustanini

Perrine Aubelin aliwajua watu kwa namna walivyopanda ngazi zake. Mchota maji alipanda akihema, jirani wa chini alipanda akinung'unika, na Bwana Gaudrel, mwenye duka la picha katika mtaa wa Saint-Jacques, alipanda taratibu sana kila alipokuwa na jambo asilotaka kulisema. Asubuhi ile alipanda kama mtu aliyebeba jeneza.

Perrine akaweka tindo mezani. Hakugeuka.

Ulikuwa mwezi wa kumi na tatu tangu aanze kulitia nakshi bamba lile la shaba, na ilikuwa mwaka mmoja kabla mfalme mzee hajafa kwa ndui. Picha yenyewe ilichorwa kwa rangi na mtu mmoja aliyeiuza kwa Gaudrel kisha akaenda zake Urusi. Ilionyesha bustani. Msichana ameinuka nusu kutoka kwenye benchi la mawe, na kijana ametokeza nyuma ya kichaka cha waridi, mkono kifuani, na hujui kama msichana anataka kukimbia au kukaribisha. Paris nzima ilikuwa na kichaa cha picha za namna hiyo. Hukuweza kuingia sebuleni kwa mtu usiwakute ukutani watu wawili wanaokutana bustanini. Kazi ya Perrine ilikuwa kuzigeuza rangi zile kuwa mistari, maelfu kwa maelfu, mingine myembamba kuliko unywele, yote ikichongwa kinyumenyume kwa kutazamia kwenye kioo, ili bamba likipakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, picha itoke sawasawa. Alifundishwa na baba yake. Baba alikwisha kufa, naye alikuwa na miaka arobaini na minne, hana mume, ana macho yanayoanza kuuma kila ikipita saa sita mchana.

"Mheshimiwa ameipenda sana," Gaudrel akasema kutoka mlangoni.

"Ila?"

"Sijasema ila."

"Umepanda nayo ngazi zote nne, Bwana Gaudrel. Itue."

Mheshimiwa huyo alikuwa kabaila mmoja aitwaye Bwana de Lormerai. Picha yoyote ya maana ilitolewa kwa heshima ya mtu mkubwa, jina lake na nembo ya ukoo wake zikakaa chini ya mchoro, na watu wakanunua wakidhani wanapata na cheo kidogo ndani yake. De Lormerai alikubali jina lake litumike tangu mwezi wa sita wa kazi. Tangu mwezi huo huo Perrine hakupata raha.

Kwanza alitaka kijana wa kwenye waridi awe yeye, kama alivyokuwa akiwa na miaka ishirini na mitatu. Gaudrel aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Perrine akamweka kitako akamweleza, kwa mara ya ishirini katika maisha yao, kwamba shaba haina radhi. Ukitaka kufuta mstari, unaukwangua kwa kisu, unasugua, panabaki bonde. Bonde lile lazima lipande, la sivyo wino utajaa humo. Basi unaligeuza bamba, unaliweka juu ya fuawe, unaligonga kwa nyuma kwa nyundo ndogo mpaka usawa urudi. Na kila unapogonga, shaba inazidi kuwa nyembamba.

"Si unga huu," alimwambia, "kwamba maji yakizidi unaongeza mwingine."

Gaudrel alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kisha akauliza itachukua siku ngapi.

Kabaila alikuja mwenyewe kuonyesha sura yake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mashavu yameshuka, anatembea kwa fimbo. Alileta picha yake ndogo ya ujanani, ndani ya kikasha cha pembe, akakaa kwenye kiti kimoja tu kizuri alichokuwa nacho Perrine, akaanza kusimulia. Alisema picha ile ilimpiga moyo alipoiona, kwa sababu ndivyo alivyokutana na mkewe. Ilikuwa Mei. Alikuwa anapita bustanini kwa shangazi yake, akasikia sauti ya gauni kwenye majani, akageuka, na palepale. Alisimama kwenye hilo neno palepale, akafumba macho. Perrine alikuwa akikwangua uso wa kijana na kuitikia ndiyo Mheshimiwa, ndiyo Mheshimiwa, huku akiomba Mungu mzee yule aondoe kiwiko chake kwenye meza.

Uso ukatoka. Baada ya wiki mbili ukarudi: Mheshimiwa anasema pua ni ndefu. Perrine alilinganisha na ile picha ya kwenye kikasha, akaona pua ni ileile, mstari kwa mstari. Akaifupisha. Alipoligonga bamba siku hiyo, jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio, naye Perrine akagonga kwa nguvu zaidi.

Sasa Gaudrel alikuwa amesimama mlangoni, na lile alilolibeba akalitua.

Kabaila alitaka msichana naye abadilishwe. Awe mkewe. Bibi de Lormerai atatimiza miaka thelathini na tano ya ndoa mwezi ujao, na mumewe anataka kumshtukiza.

Uso wa msichana yule ulimchukua Perrine siku kumi na moja. Hajapata kuchonga kitu kizuri kama kile, na hakuwa na hakika kama angeweza tena. Mchoraji aliyekwenda Urusi alimpa msichana uso wa mwanasesere, mviringo na mtupu, kama walivyofanya wote. Perrine ndiye aliyemtia nyusi za mtu anayefikiri, na kona ya mdomo iliyobana kidogo. Hakuna aliyemwagiza. Ulimjia tu mkononi.

"Mwambie hapana," akasema.

"Bi Perrine, nitamwambiaje hapana? Jina lake limekwisha kuchongwa."

"Nililichonga mimi, nitalifuta mimi. Herufi ni nyepesi kuliko nyuso."

"Amekwisha kuwaambia rafiki zake. Nusu yao wameniagiza nakala." Gaudrel akakaa kwenye kile kiti bila kukaribishwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binti watatu na woga wa kudumu. "Nakuomba kama ndugu. Mara ya mwisho."

"Ndivyo ulivyosema kwenye pua."

"Pua ilikuwa ya mwisho ya kijana. Hii ni ya msichana."

Alikuwa akisema kweli kabisa, hata hakutabasamu, na hilo ndilo lililomkata Perrine maini zaidi. Lakini mkate haushuki mbinguni. Kabla ya kugusa bamba alipiga nakala mbili za msichana wake, akazitia ndani ya jalada, akalifunga jalada kwa utepe kama anayefunga taya la maiti. Kisha akachukua kisu cha kukwangulia. Alifanya kazi wiki tatu, akinakili picha nyingine ndogo kutoka kwenye kikasha kingine cha pembe: msichana wa miaka kumi na saba, mweupe, mtiifu, macho kama ya ndama aliyeambiwa asubiri. Alipomaliza, kila kitu kilikuwa sahihi na hakuna mtu aliyekuwa amekaa kwenye lile benchi.

Kushtukiza kwenyewe hakukufika popote. Gaudrel alituma nakala nyumbani kwa kabaila ikiwa imeviringishwa vizuri ndani ya karatasi ya buluu, imeandikwa "kwa Mheshimiwa", na mtumishi, aliyeona kwamba Mheshimiwa katoka, akampa bibi.

Siku mbili baadaye, Perrine akiwa anakula supu yake ya mchana, zikasikika ngazini hatua asizozijua. Hazikuwa za haraka wala za kusita. Mlango ukagongwa mara moja. Aliingia mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amevaa gauni la kijivu lisilo na makuu, na karatasi ya buluu mkononi.

"Wewe ndiye unayenitia bustanini?" akauliza.

Perrine akameza tonge la mkate. Alijua mara moja ni nani. Macho ya ndama yalikuwa yamepotea zamani, kope tu ndizo zilizobaki.

Bibi de Lormerai alikaa, akaifungua ile nakala juu ya meza, akabana pembe zake kwa bakuli la supu na kipande cha jibini. Alisema hakuja kugombana. Alikuja kuuliza kama uso ule unaweza kuondolewa.

"Umeondolewa uliokuwapo ili huu uingie," Perrine akasema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Kwa amri ya mumeo, Bibi. Aliniambia ndivyo mlivyokutana."

"Najua anavyosema. Nimeisikia bustani hiyo miaka thelathini. Kila mwaka inaota mti mpya. Chemchemi iliingia baada ya mtoto wa pili." Akapitisha kidole kwenye kichaka cha waridi. "Tulikutana kwa wakili, Bi Aubelin. Ofisi ilinuka kabichi. Mimi nilitoka shuleni kwa watawa siku tatu kabla, nimekaa katikati ya shangazi wawili. Yeye alikuwa na mafua. Alizungumza juu ya ugonjwa wa kwato za farasi wake mpaka karatasi za ndoa zikamalizika kutiwa saini. Ndiyo yote."

Perrine akasema alilokuwa nalo rohoni. "Sasa huyo wa bustanini ni nani?"

"Zamani nilidhani yupo kweli, msichana mwingine. Nililia sana kwa ajili yake. Ingekuwa nafuu, mtu unaweza kumchukia. Lakini nimeuliza, nimechunguza, shangazi yake hata bustani hakuwa nayo. Hakuna mtu. Ni kitu alichokibuni akakizoea." Akaitazama tena picha. "Mezani mbele ya wageni nimevumilia. Lakini hii itabandikwa mpaka kwenye maduka ya vinyozi. Sitaki kukaa kwenye benchi hilo mbele ya Paris nzima, nikishtuka kwa mtu niliyemkuta akipenga kamasi."

Hapo Perrine aliinuka, akaleta bamba, akaligeuza. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hufundisha vizuri. Alimshika bibi yule kidole akakipitisha kwa nyuma, kwenye alama za nyundo, pale penye uso wa kijana, pale penye pua yake, pale penye uso wa msichana, ambapo shaba ilibonyea kama kifuniko cha kopo.

"Nikigonga tena hapo, tindo itatokea upande wa pili. Nitakuwa sina uso wowote, nitakuwa na tundu. Miezi kumi na minne, Bibi."

Bibi de Lormerai aliacha kidole chake palepale. Baadaye akaomba kumwona yule wa kwanza.

Perrine hakutaka, lakini mikono yake ilikwisha kuanza kufungua utepe. Bibi yule aliichukua nakala mpaka dirishani. Alikaa nayo muda mrefu, mpaka supu ikaganda mafuta.

"Huyu hakumngoja mtu," akasema mwishoni. "Alikuwa na mawazo yake, huyo mjinga akamkatiza."

Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kuuona kweli uso ule. Gaudrel aliuangalia akasema ni safi. Perrine akajikuta anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Alisema Bibi anaweza kuichukua, anayo nyingine.

Na hapo ngazi zikalia tena: fimbo, hatua, fimbo, hatua, na nyuma yake mwendo wa jeneza.

Kabaila alikuwa amerudi nyumbani, akaambiwa bibi katoka na karatasi ya buluu, akampitia Gaudrel dukani. Aliingia akiwa mwekundu. Alipomwona mkewe alivua kofia, akasema kwa adabu kubwa kwamba amesikitika mshtukizo wake umeharibika. Mkewe akajibu kwa adabu kubwa zaidi kwamba haukuharibika, ameshtuka kweli. Gaudrel akajibana ukutani. Chumba kilikuwa kidogo, kina mtambo wa kupigia chapa, kitanda, jiko na meza, na sasa kilikuwa na watu wanne, wawili kati yao wakigombana kama makabaila wanavyogombana, bila kupaza sauti, kila mmoja akimwita mwenziwe rafiki yangu. Mume akasema ilikuwa Mei. Mke akasema ilikuwa Februari. Mume akasema palikuwa na waridi. Mke akasema palikuwa na kabichi. Mume, akitaka kuonyesha mahali waridi lilipokuwa, akaunyosha mkono juu ya bamba, na ncha ya fimbo yake ikateleza ikapita nusu shubiri tu kutoka kwenye mawingu ya picha, yaliyomchukua Perrine mwezi mzima.

Perrine akaushika ule mkono. Hakuwahi kumgusa kabaila maishani mwake. Akauondoa mezani kama mtu anavyoondoa paka.

"Ninyi wawili mmeoana miaka thelathini na tano," akasema. "Nendeni kwenu mkakubaliane mlikutana wapi. Mkikubaliana, mniandikie. Mimi shaba yangu haiwezi kubeba ndoa ya watu. Imekwisha kuwa nyembamba."

Gaudrel alitoa sauti ndogo.

Angefukuzwa kazi, alijua. Angeweza kuitwa kwa mkuu wa polisi kwa maneno mepesi kuliko hayo. Lakini yalikuwa yamemfika kooni, na kitu kilichofika kooni hakirudi tumboni. Akakaa kwenye kigoda chake, akavuta kioo, akachukua tindo. Kwenye shaba kuondoa ndiko kunakouma. Kuongeza giza hakuhitaji nyundo. Mbele yao wote akaanza kuchonga juu ya kichwa cha msichana ukingo mpana wa kofia ya majani, ya kujikinga jua, kisha chini ya ukingo akashusha kivuli, mstari juu ya mstari, juu ya nyusi, juu ya macho ya ndama, juu ya pua. Aliacha kidevu tu na kona ya mdomo. Hiyo kona aliibana kidogo.

Hakuna aliyeondoka. Sijui kwa nini hawakuondoka. Labda watu wale hawakuzoea kuambiwa waende. Kabaila alikaa kitandani. Kulikuwa na sauti ya tindo tu, na vinyweleo vya shaba vikijikunja mbele yake.

Kisha Bibi de Lormerai akasema, bila kugeuka kutoka dirishani, "Ulikuwa na mafua."

"Najua nilikuwa na mafua."

Tindo ikasita kidogo.

"Ulinipa leso yako," kabaila akasema. "Shangazi yako mmoja alikukanyaga mguu chini ya meza ili usinipe, nawe ukanipa. Mimi sikujua la kukuambia, nikasema habari za farasi. Nilipofika nyumbani niliona aibu mpaka nikashindwa kula." Akaigeuzageuza fimbo. "Watu walipouliza tulikutana vipi, ningesema nini? Nilipenga kamasi kwenye leso yake? Nikasema bustani. Halafu ilikuwa vigumu kuirudisha."

Mkewe aligeuka sasa. Alimtazama kwa namna ambayo Perrine, aliyewaona kwenye kioo bila kutaka, hakuweza kuisoma. Haikuwa upole hasa. Ilikuwa zaidi ya mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kisha akaambiwa ulikuwa mfukoni mwa mwenzake.

"Nililia miaka sita kwa ajili ya msichana huyo," akasema. "Na wewe ulikuwa unaona haya ya mafua."

"Hukuniuliza."

"Hukuniuliza kwa nini nalia."

Perrine alitaka kuwaambia kwamba kama wangeulizana mwezi wa sita yeye angekuwa na bamba zima na macho mazuri. Aliuma meno akachonga. Walipoondoka hatimaye, mke alitangulia na nakala ya msichana wa kwanza chini ya kwapa, mume akamfuata akimshikia mlango kwa fimbo, na ngazi nzima walishuka wakibishana kama leso ilikuwa nyeupe au ya rangi ya majani. Gaudrel alibaki. Alilitazama bamba, akaitazama kofia, akasema kwa woga kwamba kivuli kimekaa vizuri. Perrine akamwambia achukue kofia yake mwenyewe aende nyumbani.

Picha ilipigwa chapa kabla ya Pasaka, na ikauzwa kuliko zote alizowahi kuzichonga. Watu walisimama mbele ya dirisha la Gaudrel wakibishana aliye chini ya kofia ni nani. Wengine walimtaja mwigizaji wa tamthilia, wengine mke wa waziri, na mwanamke mmoja muuza kahawa ya maziwa aliapa ni dada yake. Kabaila alipoulizwa na rafiki zake kama ni mkewe, inasemekana alijibu kwamba anayetaka kujua amwulize mwenyewe, na mkewe akajibu kwamba ni jambo refu. Gaudrel alikuja mara mbili kuomba picha ya pili ya kuandamana na ile, kwa maana picha zilipendwa zikiwa mbilimbili, na mara zote mbili Perrine alimsikia toka ngazi ya kwanza akafunga komeo.

Mwezi Juni ikafika barua yenye nembo. Bwana de Lormerai alimshukuru Bi Aubelin kwa kazi iliyotukuka. Picha ameitundika chumbani kwake, anaitazama kila asubuhi, na mkewe huitazama pia anapopita. Kulikuwa na jambo dogo tu, akaandika. Kadiri anavyoitazama ndivyo anavyozidi kuona kwamba benchi lingefaa liwe la mbao.

Perrine aliisoma mara moja, akaisukuma kwenye moto wa jiko, chini ya sufuria ya maharagwe, akarudi kwenye bamba alilokuwa nalo wiki ile. Ilikuwa ramani ya bandari, yenye kina cha maji kila mahali na haina uso wa mtu hata mmoja.